Ramani ya Mtandaoni Ianzie Ukutani

Mwaka 2014 kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, kilianza kupima mashamba yake kwa simu za mkononi. Mradi uliitwa MAST, ulilipiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na ulikuwa wa majaribio. Vijana wa kijiji walifundishwa kutumia programu iliyomo ndani ya simu, kisha wakazunguka mpaka wa kila shamba pamoja na mwenye shamba na majirani zake. Simu ilinasa mpaka, yakaingizwa majina ya wamiliki, na taarifa zikatumwa ofisi ya ardhi ya wilaya. Mwishoni mwa 2015 kazi hiyo ilizaa mpango mkubwa zaidi, ulioendelea hadi 2021 na kuvifikia vijiji vya Wilaya za Iringa na Mbeya. Familia nyingi ambazo hazikuwahi kushika karatasi yoyote ya shamba leo zina hati ya hakimiliki ya kimila kabatini.

Wanaoisimulia kazi hiyo husimulia zaidi simu. Hatua iliyoifanya isimame ilikuja baada ya simu kuzimwa. Ramani ilichapwa, ikarudishwa kijijini, ikabandikwa hadharani, na watu wakapewa muda wa kuja kulitafuta shamba lao kwenye karatasi. Aliyeona mpaka umemla, aseme. Aliyeona jina lake limekosewa, aseme. Mjane ambaye angekuta shamba alilolima na marehemu mumewe limeandikwa jina la shemeji alikuwa na mahali pa kusema, tena mbele ya watu wanaomjua. Pingamizi likishasikilizwa na marekebisho kufanyika, ndipo hati inaandaliwa na kutiwa saini na mwenye shamba, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na ofisa ardhi wa wilaya.

Naandika makala hii kwa ajili ya watu wa Mbeya na Iringa wanaozitumia ramani za mtandaoni kutafuta huduma, na kwa ajili ya watumishi wa halmashauri wanaoagizwa kuzitengeneza. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kila ramani ya huduma za umma, iwe ya maji, zahanati, shule, barabara au anwani, ipitishwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji au mtaa kabla ya kuaminiwa. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Ramani hizo zimeshakuwa nyingi. Wizara ya Afya ina rejesta ya vituo vya kutolea huduma za afya ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni, akaona kituo kipo kata gani, kinamilikiwa na nani na kinatoa huduma zipi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka matokeo ya Sensa ya 2022 hadharani. Mfumo wa anwani za makazi, NaPA, umeingiza nyumba na barabara za nchi nzima kwenye ramani baada ya operesheni iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022. Ukiacha za Serikali, ipo OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Hakuna kizuizi cha kuzifungua, ila bando na mtandao kukubali.

Ukifungua ramani yoyote ya aina hiyo, usikimbilie nukta iliyo karibu na kwako. Tafuta tarehe kwanza. Nukta haizeeki kwa macho: kisima kilichokufa miaka 10 iliyopita kinang'aa sawasawa na kilichozinduliwa wiki jana.

Mfano wa maji unaeleza vizuri. Wizara ya Maji iliwahi kuzunguka nchi nzima kuhesabu vituo vya kuchotea maji vijijini, kimoja kimoja, na sehemu ya takwimu hizo ikawekwa hadharani kupitia jukwaa la mtandaoni liitwalo Taarifa. Baadaye zikatumika katika shindano la kimataifa la wataalamu wa kompyuta waliotakiwa kubashiri ni pampu zipi zinafanya kazi, zipi zinahitaji matengenezo na zipi zimekufa. Hali iliyotangazwa ni ya vituo 59,400. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vinatoa maji, 4,317 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Iringa ndio mkoa wenye vituo vingi kuliko yote katika orodha hiyo, vituo 5,294, na Mbeya ina 4,639. Ni hazina kubwa kwa watu wetu, na inasikitisha kwamba wataalamu wa mabara mengine wameichambua sana kuliko vyombo vya watumia maji vya Kilolo na Rungwe.

Sasa angalia tarehe. Rekodi nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Tangu hapo RUWASA imeanzishwa, mwaka 2019, ikapewa jukumu la maji vijijini. Skimu za mserereko zimefukuliwa na kujengwa upya. Mabomba mengine yameibwa, na vyanzo vingine vimekauka kwa sababu watu wamelima hadi kwenye chemchemi. Anayeitumia ramani ile leo kusema kisima fulani kinafanya kazi anasema jambo la enzi nyingine. Lakini anayeitumia kuuliza swali, yaani "mwaka 2012 hapa palikuwa na mabomba matatu, leo yako wapi?", ana silaha nzuri ya kuingia nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kuna mtego mwingine katika takwimu hizo, na nimewaona wasomi wakinaswa nao. Iringa iliyoandikwa humo ni Iringa ya zamani, yenye Njombe, Makete na Ludewa ndani yake. Mkoa wa Njombe ulitengwa mwaka 2012. Mbeya yake nayo inazibeba Mbozi, Momba na Ileje, ambazo tangu 2016 ni za Mkoa wa Songwe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,192,728 Iringa na 2,343,754 Mbeya, kwa mipaka ya sasa. Ukichukua mabomba ya mipaka ya zamani ukayagawa kwa watu wa mipaka mipya, utapata jibu zuri la uongo, na jibu hilo linaweza kupeleka fedha za visima mkoa usiostahili. Kwa hiyo baada ya tarehe, uliza mpaka: ramani hii imechorwa kwa mikoa, wilaya, kata na vijiji vya mwaka gani? Kata huzaliwa, vijiji hugawanywa, mitaa hubadilishwa majina, na ramani haijui mpaka aambiwe anayeitunza.

Namba za latitudo na longitudo ziwe kitu cha kawaida kwa kila mtendaji, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Jiji la Mbeya liko karibu latitudo -8.9 na longitudo 33.4. Alama ile ya kutoa maana yake ni kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, nukta yako inaruka hadi kwenye mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Ukizigeuza namba, ukaanza na 33.4 kisha -8.9, zahanati yako inazama baharini karibu na pwani ya Moroko. Ukiacha nafasi tupu na mfumo ukajaza sifuri, inaangukia Ghuba ya Guinea. Katika takwimu za maji nilizozitaja, vituo 1,812 vina longitudo sifuri. Makosa ya namna hii ni rahisi kuyagundua: fungua ramani, tazama kama nukta zote ziko ndani ya wilaya. Inashangaza ni ofisi ngapi haziichukui dakika hiyo moja.

Lililo gumu kugundua ni kosa la mita 300. Ramani zetu za zamani, zile za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zinazotunzwa na idara ya upimaji, zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na setilaiti hutumia mfumo wa WGS84. Eneo lile lile likisomwa kwa mfumo usio wake husogea kama mita 300. Mita 300 zinatosha kulihamisha shamba kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na kuwasha ugomvi uliokuwa umelala. Ukikabidhiwa namba za mpaka zilizoandikwa miaka ya nyuma, muulize mpima zimesomwa kwa mfumo gani kabla hujaziingiza popote. Wa Iringa waongeze swali moja. Wapima huigawa dunia katika kanda, na mstari wa longitudo ya 36, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37, unapita ndani ya mkoa wao: mjini Iringa ni kanda ya 36, na sehemu kubwa ya Kilolo ni kanda ya 37. Faili linalochanganya kanda mbili bila kusema litatawanya vijiji ovyo.

Na simu yenyewe ina mipaka yake. Mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Ndani ya migomba ya Rungwe au chini ya misindano ya Mufindi kosa linaongezeka, na kwenye bonde lililobanwa na milima linaongezeka zaidi. Kwa kuonyesha zahanati iko wapi, mita tano hazina madhara. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 pale Uyole au Kihesa, mita tano ni robo ya upana wa kiwanja. Usikubali mtu akupimie mpaka wa kiwanja cha mjini kwa simu yake.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wanaibiwa. Matapeli wa viwanja wamejifunza kutumia ramani. Anakuonyesha picha ya setilaiti, amechora mstari mwekundu kuzunguka eneo, ameandika namba ya kiwanja, na wewe unaona kitu cha kitaalamu unatoa hela. Mstari kwenye picha ya setilaiti unaweza kuchorwa na mtoto wa shule ya msingi. Hauthibitishi umiliki hata kidogo. Kwa kiwanja kilichopimwa mjini, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi, upate jibu la maandishi. Kwa shamba la kijijini, nenda masjala ya ardhi ya kijiji, waombe wakuonyeshe daftari, kisha linganisha na ofisi ya ardhi ya wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo muuzaji akikwambia alipewa na kijiji, omba muhtasari wa mkutano uliompa. Halafu kanyaga shamba lenyewe, zungumza na majirani wa pande zote nne. Mradi wa Ilalasimba, pamoja na simu zake zote, haukuthubutu kuandika mpaka bila majirani kuwapo. Wewe unayenunua peke yako una sababu gani ya kuthubutu?

Barabara nazo zinataka tahadhari ya huku kwetu. Mvua ya Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Njia ambayo ramani inakupeleka kwa saa mbili mwezi wa Agosti, mwezi wa Machi inaweza kukulaza njiani, na ramani haitakwambia, kwa sababu mchoraji aliona mstari kwenye picha ya kiangazi. Kabla ya kumpakia mgonjwa kumpeleka mjini, fungua ramani ujue njia zilizopo, kisha mpigie simu mtu wa bodaboda wa upande ule akwambie daraja limesimama au limekwenda. Pakua pia ramani ya mkoa wako ikiwa bado una mtandao. Programu kama Organic Maps na OsmAnd, ambazo ni za bure, hukaa na ramani nzima ndani ya simu, na mshale wa mahali ulipo hufanya kazi hata mnara wa simu ukiwa mbali. Google nayo inaruhusu kupakua eneo. Anayeishi Pawaga au juu kabisa huko Kilolo afanye hivyo leo, asisubiri dharura.

Anwani za makazi wengi wamezichukulia kama kibao cha kugongelewa ukutani, basi. Fungua NaPA uangalie nyumba yako: namba ni ile iliyo kwenye kibao? Jina la barabara limeandikwa kama mnavyolitamka? Postikodi za kata za Mbeya huanza na 53 na za Iringa na 51. Ukikuta tarakimu nyingine mbele, pana kosa. Jambo hili lina uzito wake usiku, gari la wagonjwa au la zimamoto linapotafuta mlango mmoja katika vichochoro vya Mwanjelwa au Ipogolo. Makosa ya majina hurekebishwa vizuri zaidi kwa pamoja kuliko mtu mmoja mmoja: mwenyekiti wa mtaa achapishe orodha ya barabara na ramani ya mtaa wake, aibandike ofisini wiki mbili, achukue masahihisho ya wakazi, ayapitishe kwenye mkutano, kisha ayapeleke kwa mtendaji wa kata yakiwa na muhtasari. Mtumishi wa kata anayeletewa malalamiko 40 yaliyotawanyika hataifanya kazi hiyo. Anayeletewa karatasi moja iliyopigwa mhuri ataifanya.

Upande wa OpenStreetMap mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa hapahitajiki ruhusa. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya wanaojitolea duniani kote wachore nyumba na barabara za vijiji vya Tanzania kutoka kwenye picha za setilaiti; ulianzia na haja ya kuwafikia wasichana waliokimbia ukeketaji mkoani Mara. Anayechora akiwa Ulaya anaona bati. Haoni kwamba bati lile ni la zahanati, la ghala la mahindi au la kanisa, wala hajui kijiji kinaitwaje. Hiyo ni kazi yetu. Mwalimu wa jiografia wa sekondari yoyote ya Mufindi au Mbarali anaweza kuwatoa wanafunzi kwa mchana mmoja waandike majina ya shule, vituo vya afya, mabomba na madaraja ya kata yao, na kesho yake ramani ya dunia ikawa na kata hiyo. Dar es Salaam walifanya hivyo kwa ukubwa kuanzia 2015 kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakitembea na wenyeji katika kata zinazofurika, wakichora mitaro, nyumba na njia. Kazi ile ilikwenda vizuri pale mjumbe wa shina alipokuwapo, kwa sababu yeye ndiye anayejua maji hufika wapi.

Nigeukie watumishi. Ofisa TEHAMA au ofisa mipango uliyeagizwa kutengeneza ramani ya halmashauri, nakusihi uanze na swali moja linaloumiza watu. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba katika Kata ya Itezi jijini Mbeya. Swali la ramani ya Itezi linajieleza: nyumba zipi ziko chini ya mteremko, na mvua ikizidi watu waelekee wapi, kwa njia ipi? Ramani inayojibu hilo peke yake, ikajulikana kwa kila mkazi, ina thamani kuliko ukurasa wenye matabaka 30 ambao unachukua dakika nne kufunguka na hakuna anayekumbuka unajibu nini. Ukishajibu moja ongeza la pili.

Itengeneze iwe nyepesi. Watu wengi wataifungua kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao wa kusuasua, na kila megabaiti inatoka mfukoni mwao. Zipo zana za bure zinazotosha. Leaflet, iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011, ina uzito wa kilobaiti 42 tu, na ndiyo inayoendesha ramani nyingi unazoziona mtandaoni. Kukusanya taarifa vijijini bila mtandao kuna KoboToolbox na ODK. Kuzichora mezani kuna QGIS. Usiingie mkataba wa mamilioni kwa kitu ambacho kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anaweza kukitengeneza na, muhimu zaidi, kukitunza. Iandikwe Kiswahili, kila kitufe. Na kwa kuwa mama wa Chunya mwenye kitochi ni mwananchi sawa na wewe mwenye simu janja, taarifa hizo hizo zipatikane pia kwa namba fupi. Serikali tayari ina *152*00# ambako huduma nyingi zimewekwa. Zungumza na Mamlaka ya Serikali Mtandao uone namna ya kuingia humo. Asiyeweza hata hilo, ana ukuta wa ofisi ya kijiji.

Kabla ya kuzindua, andika jina la cheo kitakachoisahihisha. Usiandike "halmashauri". Andika ni ofisa gani, masahihisho yatapokelewa wapi, na yatafanyiwa kazi ndani ya siku ngapi. Fundi wa chombo cha watumia maji anayetengeneza bomba Jumanne awe na namba ya kutuma ujumbe ili nukta ibadilike rangi wiki hiyo hiyo. Tenga bajeti ya kazi hiyo katika fedha za ndani, hata kama ni ndogo. Fedha za wafadhili zinaweza kusimama kwa siku moja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tovuti ya FEWS NET, iliyokuwa ikitoa ramani za hali ya chakula kwa nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, ilitoweka mtandaoni kwa miezi kadhaa. USAID yenyewe, iliyolipia simu za Ilalasimba, ilifungwa Julai mwaka huo. Hati zilizotolewa na kusajiliwa wilayani na kijijini zimebaki halali kwa sababu zimo kwenye masjala zetu wenyewe. Chukua somo hilo kwa vitendo: kila mwezi pakua takwimu zote za ramani yako, zihifadhi halmashauri, na nakala ya karatasi ikae kwa mtendaji.

Kuna vitu visivyopaswa kuonekana kwenye ramani ya umma, nalisema hili kwa uzito. Mipaka ya mashamba inaweza kuonyeshwa. Majina ya wamiliki, namba zao za simu na vitambulisho vyao visionyeshwe. Ukiweka hadharani kwamba shamba la ekari kumi ni la mwanamke mzee anayeishi peke yake, umemtengenezea maadui. Nyumba za wagonjwa, mahali wanakohifadhiwa watoto au wanawake waliokimbia ukatili, na orodha za kaya zinazopokea ruzuku zibaki ndani ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inazibana taasisi za umma kama inavyozibana za binafsi. Ukikuta jina lako au la mzazi wako kwenye ramani ya umma bila sababu, andika barua kuitaka taasisi iliondoe. Ikikaidi, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na ikiwa ramani unayoihitaji haipo mtandaoni, huenda ipo kabatini. Halmashauri zina orodha za mabomba, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wana orodha ya barabara na madaraja yao, vijiji vingi vina mpango wa matumizi ya ardhi wenye ramani iliyokunjwa ambayo vijana hawajawahi kuiona. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi: taja kijiji na kata, taja taarifa unayoitaka kwa jina lake, kwa mfano ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji au orodha ya vituo vya maji na hali yake, na sema unaitaka ya tarehe ya karibuni. Ipeleke mwenyewe masjala ya halmashauri ukiwa na nakala mbili. Moja ibaki kwao. Nyingine wakugongee mhuri wa kupokea wenye tarehe, na siku 30 zihesabiwe kuanzia hapo.